Kiinua mgongo kampuni inapofilisika

Nchini Kenya, mfanyakazi ambaye nafasi yake imeondolewa ana haki ya kulipwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza kazini. Hivyo ndivyo kinavyosema kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Lakini kifungu hichohicho kinajiondoa pale ajira inapokoma kwa sababu mwajiri amefilisika, na kumwelekeza mfanyakazi kwenye Sehemu ya VIII ya sheria hiyo. Huko ametajiwa malimbikizo ya mshahara, malipo ya notisi na ya likizo, na fidia ya msingi ya kufutwa kazi isivyo haki. Kiinua mgongo hakimo. Kampuni iliyo hai ikipunguza watu inadaiwa. Ikifa, deni hilo linabaki bila mlinzi, na aliyefanya kazi miaka mingi ndiye anayepoteza zaidi.

Sheria ya Ufilisi ya 2015 inajaribu kuziba pengo hilo. Mfilisi, yaani afisa anayekusanya mali ya kampuni na kuigawa kwa wadai, hulipa kwanza gharama za kazi yake. Kisha hufuata wafanyakazi: mishahara ya miezi minne ya mwisho, likizo, pamoja na fidia ya kupunguzwa kazi wanayodai, kwa mfano chini ya mkataba uliofungwa na chama chao. Kodi huja baada yao. Ila kipaumbele hicho kina kikomo cha shilingi 200,000 kwa kila mtu, na kikomo kinajumlisha madai yote.

Tuchukue fundi wa mshahara wa shilingi 30,000, aliyetumikia miaka 20 na hajalipwa miezi minne. Mshahara anaodai ni shilingi 120,000. Kiinua mgongo chake chini ya mkataba wa namna hiyo, kwa nusu mwezi kila mwaka, ni 300,000. Kipaumbele kinamfikisha 200,000 tu. Shilingi 220,000 zinazobaki zinaangukia fungu la wadai wa kawaida, pamoja na wauzaji bidhaa, na mara nyingi fungu hilo huambulia kidogo sana au hukosa kabisa.

Hata hizo 200,000 si za uhakika. Benki iliyokopesha kwa kushika hati ya kiwanja au mitambo mahususi hujilipa kutokana na mali hiyo kabla ya foleni kuanza. Wafanyakazi huitangulia benki pale tu dhamana yake inapohusu mali inayobadilikabadilika, kama bidhaa ghalani na madeni ya wateja. Kampuni ikifikia kufungwa, mara nyingi ghala limeshakauka.

Ndiyo maana kusogeza watu mbele kwenye foleni hakutoshi. Panahitajika mlipaji mwingine. Sehemu ya VIII tayari inamruhusu waziri kulipa madeni inayoyataja kutoka Hazina ya Malipo ya Uzeeni (NSSF). Kuongeza kiinua mgongo katika orodha hiyo ni jambo la Bunge, lakini si haki akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wengine igharimie kuanguka kwa mwajiri. Ufaransa, tangu sheria ya 1973, ina mfuko unaochangiwa na waajiri wenyewe. Mfuko humlipa mfanyakazi mapema, kisha unachukua nafasi yake mbele ya mfilisi na kulidai deni hilo wenyewe.