Anza Madhabahuni: Jinsi ya Kutembelea Mahali Patakatifu pa Ugiriki ya Kale

Aliyelelewa kanisani au msikitini, akisimama mbele ya hekalu la Kigiriki kwa mara ya kwanza, hujiuliza waumini walikuwa wakikaa wapi. Hawakukaa ndani. Hekalu lilikuwa nyumba ya sanamu ya mungu na ghala la mali aliyotunukiwa. Ibada ilifanyika nje, kwenye madhabahu iliyokuwa mbele ya mlango, aghalabu upande wa mashariki, juani, kila mtu akiona. Ng'ombe, kondoo au mbuzi alichinjwa pale. Mifupa ya paja ilifunikwa shahamu ikateketezwa ili moshi uwafikie miungu, na nyama ikapikwa na kugawiwa watu. Kwa raia wa kawaida, nyama ya ng'ombe ilikuwa zaidi chakula cha sikukuu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayekwenda kuyaona magofu hayo ni huu: ukifika mahali patakatifu, tafuta kwanza madhabahu, kisha njia waliyoifuata watu kuifikia. Hekalu liache mwisho. Ukifanya kinyume, utarudi na picha za nguzo na usijue zilikuwa za nini. Ziara nyingi huanzia Athens, zikapitia Eleusis, Korintho, Epidaurus na Olympia, kisha zikapanda Delphi kabla ya kurudi mjini. Nitaufuata mzunguko huo.

Kwenye mwamba wa Acropolis, mjini Athens, mgeni huingia kwa lango la magharibi, kule kule yalikoingilia maandamano ya Panathenaia, sikukuu kuu ya mungu Athena. Jengo linalomkabili ni Parthenon, naye analiona kwa nyuma, kwa sababu mlango wake mkuu uko mashariki. Lilijengwa kati ya 447 na 432 KK, Pericles akiwa kiongozi mashuhuri wa mji, Iktinos na Kallikrates wakiwa wasanifu, na Pheidias akisimamia uchongaji. Marumaru ilichimbwa mlima Pentelikon. Mistari unayodhani imenyooka haikunyooka: sakafu imeinuka kidogo katikati na nguzo zimeinamia ndani kidogo, na ustadi huo ndio unaolifanya jengo lionekane jepesi. Ndani ilisimama sanamu ya Athena ya dhahabu na pembe za ndovu, yenye kimo cha takriban mita 12.

Hata hivyo, sanamu iliyoheshimiwa kuliko zote haikuwa hiyo. Tazama kushoto kwako, kwenye jengo dogo la Erechtheion ambalo upande mmoja paa lake limebebwa na wasichana sita wa mawe. Humo ilitunzwa sanamu ya kale ya Athena iliyochongwa kwa mzeituni, ambayo watu waliamini imeshuka kutoka mbinguni. Vazi jipya lililofumwa na wanawake wa mji, na lililobebwa katika maandamano, lilikuwa la sanamu hiyo ya mti. Dhahabu ya ile nyingine iliwekwa kwa namna ya kuweza kubanduliwa, na Pericles mwenyewe aliwakumbusha wananchi kwamba ni akiba ya vita. Madhabahu kuu ya Athena ilikuwa kwenye uwanda ulio kaskazini mwa Parthenon. Leo hapo pana mwamba mtupu wenye alama chache za kuchongwa, na wageni wengi hupapita wakikimbilia nguzo. Simama hapo. Hapo ndipo ng'ombe wa sikukuu walipochinjwa, na hapo ndipo mji mzima ulipokusanyika.

Parthenon baadaye ilikuwa kanisa kwa karne nyingi, kisha msikiti chini ya Waosmani. Mwaka 1687 jeshi la Venice, likiongozwa na Morosini, liliipiga kwa mizinga wakati Waosmani wameitumia kuhifadhi baruti, na katikati ya jengo ikalipuka. Mwanzoni mwa karne ya 19 Lord Elgin, balozi wa Uingereza, aliondoa sehemu kubwa ya sanamu zilizosalia, nazo ziko British Museum tangu 1816. Makumbusho ya Acropolis, yaliyofunguliwa 2009, yana ghorofa ya juu iliyoelekezwa sawasawa na Parthenon, ambako vipande vilivyobaki vimepangwa kama vilivyokaa hekaluni. Vilivyoko London vimewakilishwa kwa nakala za plasta. Kwangu mimi, kuuona mpangilio huo kunatosha kuumaliza ubishi: sanamu hizo ni za kurudishwa.

Chini kidogo ya lango la Acropolis kuna mwamba wa Areopago. Wasomaji wa Matendo ya Mitume wanaujua: katika sura ya 17 Paulo anazungumza hapo juu ya madhabahu aliyoiona mjini, iliyoandikwa kwamba ni ya mungu asiyejulikana. Kumbuka kwamba alianza na madhabahu, hakuanza na hekalu. Alikuwa amepita mjini akitazama pale pale ninapokuomba utazame.

Eleusis, takriban kilomita 20 magharibi mwa Athens, inaivunja kanuni yangu, na kwa sababu hiyo ni kosa kuiruka. Hapa Demeter, mungu wa nafaka, na binti yake Persephone waliabudiwa kwa siri. Jengo lake kuu, Telesterion, ni ukumbi wenye ngazi za kukalia pembezoni, uliojengwa ili maelfu ya watu waingie ndani, usiku, waonyeshwe jambo. Jambo gani? Waliolishwa kiapo walikuwa wanawake na wanaume, watumwa na waungwana, alimradi wanaelewa Kigiriki na hawana damu ya mtu mikononi. Walitembea kwa miguu kutoka Athens kwa Njia Takatifu, wakafanyiwa ibada hiyo, wakanyamaza. Mwaka 415 KK Alcibiades, jemadari wa Athens, alishtakiwa kwa kuiigiza siri hiyo nyumbani kwa mzaha, akahukumiwa kifo asiwepo. Ibada ilidumu kama miaka 1000, hadi mwishoni mwa karne ya 4 BK watawala Wakristo wa Roma walipoipiga marufuku, na kiini chake hakijajulikana mpaka leo. Leo magofu yamezungukwa na viwanda, na huenda ndiyo sababu mabasi mengi hayasimami.

Korintho nitaipita haraka, ila kwa jambo moja. Utaonyeshwa nguzo 7 za hekalu la karne ya 6 KK linalohusishwa na Apollo, na jukwaa la mawe ambapo, kwa mapokeo, Paulo alisimamishwa mbele ya liwali Galio. Kisha soma sura ya 8 na ya 10 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho ukiwa hapo hapo sokoni. Ule mjadala mrefu wa nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu, ambao wengi wetu tuliusoma bila kujua unatoka wapi, unaeleweka mara moja. Nyama ya madhabahuni iliishia kwenye mabucha na kwenye karamu. Aliyealikwa chakula na jirani hakuweza kujua mnyama alichinjiwa wapi.

Epidaurus inajulikana kwa ukumbi wake wa maigizo wa karne ya 4 KK, ambamo mtu aliyekaa safu ya juu kabisa humsikia anayezungumza katikati bila kipaza sauti. Nenda ukajaribu, kisha teremka kwenye magofu yasiyo na watu. Ukumbi huo ulikuwapo kwa sababu ya Asklepios, mungu wa uponyaji. Mgonjwa alijitakasa, akatoa sadaka, akalala usiku katika jengo maalumu akisubiri mungu amjie ndotoni. Waliopona waliandikiwa habari zao kwenye mawe, na baadhi ya mawe hayo yamehifadhiwa. Moja linamtaja Ambrosia wa Athens, mwenye chongo, aliyepitapita akicheka habari za viwete na vipofu walioponywa kwa ndoto. Usiku mungu alimtokea, akamwambia atamponya, ila atoe nguruwe wa fedha kuwa ukumbusho wa ujinga wake. Ukilisoma jiwe hilo unaelewa kwamba mashaka yalikuwapo tangu zamani, na wasimamizi wa hekalu walijua namna ya kuyajibu.

Olympia ni bonde lenye miti mingi kati ya mito ya Alpheios na Kladeos. Wengi huja kuona uwanja wa mbio, wenye urefu wa mita 192, na hekalu la Zeus ambalo nguzo zake ziliangushwa na matetemeko ya karne ya 6 BK. Pheidias alimchongea Zeus humo sanamu ya dhahabu na pembe za ndovu iliyohesabiwa miongoni mwa maajabu 7 ya dunia. Imepotea, lakini karakana yake ipo, kwa sababu iligeuzwa kanisa, na wachimbaji walipata humo kikombe cha udongo chenye maandishi kwamba ni mali ya Pheidias.

Madhabahu ya Zeus haionekani tena, nayo ndiyo iliyokuwa moyo wa mahali hapo. Haikujengwa kwa mawe yaliyochongwa. Ilikuwa kichuguu cha majivu ya mapaja ya sadaka, yaliyokandwa kwa maji ya mto Alpheios mwaka hata mwaka. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, anasema kimo chake kilifika futi 22. Katikati ya siku za michezo walichinjwa ng'ombe 100. Michezo, ambayo Wagiriki waliihesabu kuanzia 776 KK, ilikuwa sehemu ya ibada hiyo, na mshindi alipewa shada la matawi ya mzeituni mwitu.

Ukielekea uwanjani utaona mkono wa kushoto safu ya mawe ya kusimikia sanamu. Zilikuwa sanamu za Zeus zilizolipiwa kwa faini za wanamichezo waliohonga au kuhongwa, za kwanza zikitokana na kesi ya bondia Eupolos mwaka 388 KK. Kila mshindani alizipita akienda kushindana. Na kwa wasomaji wa Kenya wanaoamini marathoni ilizaliwa hapa: haikuwapo. Mbio ndefu za Olympia hazikuzidi kilomita 5. Marathoni ilibuniwa kwa michezo ya Olimpiki ya Athens ya 1896, ikianzia kijiji cha Marathon, na katika njia hiyo ndipo Mkenya Catherine Ndereba alipopata medali ya fedha mwaka 2004.

Kutoka Olympia gari huvuka ghuba ya Korintho kwa daraja la Rio na Antirrio, kisha hupanda kuelekea mlima Parnassus. Kama una siku moja tu nje ya Athens, nenda Delphi. Magofu yamejishikiza kwenye mteremko chini ya majabali, na njia inapanda kwa kona kutoka chini, kama walivyopanda waliokuja kumuuliza mungu Apollo maswali yao. Pande zote mbili zilijaa majengo madogo ya kuwekea zawadi za miji. La Athens limesimamishwa upya na Wafaransa, ambao walianza kuchimba 1892 baada ya kijiji kizima kilichokaa juu ya magofu kuhamishwa.

Juu, mbele ya hekalu la Apollo, utaona madhabahu kubwa ya mawe meusi na meupe iliyotolewa na watu wa kisiwa cha Chios. Kwa zawadi hiyo walipewa haki ya kuuliza kabla ya wengine. Siku ya kuuliza ilikuwa moja kwa mwezi, na miezi ya baridi hakuna. Mbuzi alimwagiwa maji baridi. Asipotetemeka, shughuli iliahirishwa. Akitetemeka alitolewa sadaka, na Pythia, mwanamke wa kawaida wa Delphi, akaingia ndani kumsemea mungu. Croesus, mfalme wa Lydia, aliambiwa kwamba akiwapiga vita Waajemi ataangusha dola kubwa. Akapiga vita, na dola iliyoanguka ikawa yake. Lakini maswali mengi yaliyoletwa hapa hayakuwa ya wafalme. Plutarch, aliyekuwa kuhani wa Delphi, anaandika kwamba zama zake watu waliuliza kama waoe, kama wasafiri baharini, kama wakopeshe fedha.

Kabla ya kufika juu utapita ukuta mrefu unaoshikilia uwanda wa hekalu, uliojengwa kwa mawe yenye pembe nyingi yaliyopachikwa bila chokaa. Ukaribie. Umefunikwa maandishi madogo, mamia ya hati za watumwa walioachiwa huru, tangu karne ya 2 KK. Mtumwa hakuwa na haki ya kufunga mkataba, kwa hiyo bwana wake alimuuza kwa Apollo, bei ikitoka kwa mtumwa mwenyewe, na mungu akawa mnunuzi asiyedai kazi. Jina la mtumwa limo, na bei, na wadhamini, na mashahidi. Hati nyingi zina sharti linaloumiza: aliyenunua uhuru wake aendelee kumtumikia bwana yuleyule mpaka bwana afe.

Kwa sisi tunaotoka pwani ambako watu waliuzwa sokoni, ukuta huu si wa kupitwa mbio. Waongozaji wengi huupita kwa sababu hekalu liko hatua chache mbele na muda wa basi umepangwa. Mwombe wako asimame. Nenda asubuhi na mapema au alasiri, jua likiwa limeinama, maana wakati wa mchana herufi hazionekani vizuri, na mwambie akusomee walau hati moja kuanzia mwanzo hadi majina ya mashahidi.