Masomo Mawili Yanayotazamana: Tafakari za Kila Siku za Majilio na Noeli

Majilio ni kipindi kinachofungua mwaka wa liturujia wa Kanisa Katoliki, yaani mzunguko wa sala na maadhimisho ambao hauanzi tarehe 1 Januari bali huanza Dominika ya nne kabla ya Noeli, na kwa kuwa Noeli hubaki tarehe 25 Desemba huku siku yake ya juma ikibadilika, urefu wa kipindi hiki huwa kati ya siku 22 na siku 28. Katika siku hizo, na katika zile za Noeli zinazofuata hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana mwezi Januari, waamini wengi wa Afrika Mashariki hufuata tafakari ya kila siku, ambayo ni maelezo mafupi yanayofafanua masomo ya Misa ya siku hiyo na kuyahusisha na maisha: wengine huisikia katika homilia ya alfajiri, wengine redioni, na wengine huipokea katika makundi ya WhatsApp kabla hakujapambazuka. Tafakari hizo zimekuwa nyingi, lakini wingi wake haujaondoa udhaifu mmoja, nao ni kwamba mara nyingi mwandishi huokota mstari mmoja wa Injili, akautolea nasaha kuhusu kujiandaa, na somo la kwanza akaliacha kana kwamba halikusomwa. Udhaifu huo si mdogo, kwa sababu masomo ya kipindi hiki yalipangwa mawili mawili, na sehemu kubwa ya maana yake imo katika jinsi yanavyotazamana.

Mpangilio unaotumika leo ni tunda la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao katika hati yake kuhusu liturujia, Sacrosanctum Concilium ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza waamini wafunguliwe hazina za Biblia kwa upana zaidi kuliko ilivyozoeleka. Mpango mpya wa Masomo ya Misa ulitolewa mwaka 1969. Kabla ya hapo, Dominika zilikuwa na mzunguko wa mwaka mmoja tu, na siku za kati za Majilio, ukiacha zile chache za mfungo na sikukuu za watakatifu, zilirudia masomo ya Dominika iliyotangulia. Kwa hiyo desturi ya kutafakari andiko jipya kila siku ya Majilio ndani ya Misa, ambayo kwa wengi huonekana kuwa ya kale kama Kanisa lenyewe, haijatimiza hata miaka sitini.

Dominika sasa huzunguka kwa miaka mitatu, inayoitwa A, B na C, ambayo huongozwa na Injili za Mathayo, Marko na Luka kwa zamu, na njia rahisi ya kuitambua ni kukumbuka kwamba mwaka unaogawanyika kwa tatu bila baki ni Mwaka C, mradi izingatiwe kwamba Majilio tayari ni ya mwaka unaofuata. Siku za juma za Majilio, kinyume chake, hazina mzunguko huo: masomo yake hurudi yaleyale kila mwaka, isipokuwa marekebisho madogo kama yale ya Jumatatu ya kwanza, ambayo katika Mwaka A husoma sura ya 4 ya Isaya kwa sababu unabii wa sura ya 2 umekwisha kusomwa Dominika. Marudio hayo ni neema kwa mwandishi wa tafakari na pia ni mtego kwake, kwa kuwa anayeandika kila mwaka juu ya andiko lilelile huvutwa kirahisi kuyarudia maneno yake ya mwaka jana.

Jambo la kwanza linaloweza kumshangaza msomaji makini ni kwamba Majilio hayaanzi Bethlehemu. Dominika ya kwanza huzungumzia ujio wa Kristo mwishoni mwa nyakati, ya pili na ya tatu humleta Yohane Mbatizaji, na ni ya nne tu inayofika kwenye matukio ya karibu na kuzaliwa, hivyo kwamba kipindi chote hutembea kinyumenyume, kutoka mwisho wa historia hadi kwenye chumba cha msichana wa Nazareti. Bernardo wa Clairvaux, mmonaki na mhubiri wa karne ya 12, alieleza katika hotuba zake za Majilio kwamba ujio wa Bwana ni wa namna tatu: ule wa kwanza katika mwili, ule wa mwisho katika utukufu, na katikati ule wa siri unaofanyika ndani ya roho za watu. Anayeyaona Majilio kuwa ni kuhesabu siku za kuelekea sikukuu amebaki na ujio mmoja tu, tena ule uliokwisha kutokea.

Siku za mwanzo kiongozi ni nabii Isaya, na Injili huchaguliwa ili ijibu maneno yake. Jumatatu ya kwanza nabii huona mataifa yote yakimiminika kuelekea mlima wa Bwana na silaha zikifuliwa kuwa zana za kilimo, halafu Injili ya Mathayo humleta akida wa Kafarnaumu, askari wa kigeni, ambaye imani yake inamstaajabisha Yesu. Zikisomwa peke yake, habari za akida ni habari za imani na uponyaji. Zikisomwa baada ya Isaya, mtu huyo ni wa kwanza katika msafara wa mataifa, tena ni mtu wa upanga. Maneno yake ya unyenyekevu ndiyo ambayo Kanisa huyasema, kwa kuyabadili kidogo, kabla ya Komunyo katika kila Misa. Jumatano Isaya huahidi karamu ya vinono juu ya mlima, na Yesu, akiwa mlimani, huwalisha watu elfu nne kwa mikate saba na samaki wachache. Ijumaa nabii hutangaza kwamba macho ya vipofu yataona, na vipofu wawili hupata kuona. Mwandishi anayeandika juu ya vipofu hao bila kumtaja Isaya hajakosea katika imani, lakini amemnyima msomaji nusu ya siku.

Jumamosi ya juma hilo la kwanza huleta andiko ambalo tafakari nyingi hulipita haraka, la sura ya 30 ya Isaya, linalozungumzia mvua ya mbegu zilizopandwa na mifugo inayolishwa katika malisho mapana. Sehemu kubwa ya mahubiri ya Majilio yaliyoenea duniani ilizaliwa Ulaya, ambako Desemba ni mwezi wa giza refu na baridi, na kwa sababu hiyo mwanga unaoshinda usiku umekuwa picha kuu inayonakiliwa kila mahali, hata Dar es Salaam ambako jua la mwezi huo halihitaji kungojewa. Picha hiyo imo katika Biblia na haina kosa. Hata hivyo, masomo ya Majilio yamejaa pia jangwa linalochanua, mito inayobubujika mahali pakavu, na mbingu zinazoombwa zidondoshe haki kama mvua, na kwa mkulima wa Dodoma, ambaye karibu na siku hizo hutazama mawingu ili ajue kama mbegu aliyoitia ardhini itaota, hayo hayahitaji maelezo mengi. Inasikitisha kidogo kwamba utajiri huo hutumika kwa nadra.

Kuanzia Alhamisi ya juma la pili Yohane Mbatizaji hutawala Injili, na somo la kwanza ama huendelea na Isaya ama huchaguliwa ili lioane naye, kama vile Jumamosi ya juma hilo ambapo Yoshua bin Sira humsifu Eliya na Yesu huwafahamisha wanafunzi kwamba Eliya amekwisha kuja.

Tarehe 17 Desemba mambo hubadilika. Siku nane hadi tarehe 24 huwa na masomo yaliyofungamana na tarehe badala ya siku ya juma, na jioni za tarehe 17 hadi 23, katika Masifu ya Jioni, huimbwa antifona saba za kale zinazomwita Kristo kwa majina kama Hekima, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi na Emanueli. Siku ya kwanza Injili ni nasaba ya Yesu kwa mujibu wa Mathayo, yaani orodha ya mababu kuanzia Abrahamu, na pengine hakuna andiko linalowachosha wasikilizaji kuliko hilo, kwani msomaji hupambana na majina magumu na kanisa hungoja amalize. Na bado kwa jamii ambazo mtu huulizwa ukoo wake kabla ya kuulizwa kazi yake, orodha hiyo ingepaswa kuwa miongoni mwa kurasa zinazoeleweka upesi zaidi.

Mathayo ameipanga nasaba hiyo katika mafungu matatu ya vizazi 14, na herufi za jina la Daudi katika Kiebrania, zikihesabiwa kama tarakimu, hutoa jumla ya 14. Ili kupata idadi hiyo mwinjili amewaruka wafalme watatu, Ahazia, Yoashi na Amazia, na bado fungu la mwisho likihesabiwa kwa uangalifu huonekana kuwa na majina 13 tu, jambo ambalo wafafanuzi wamelijadili kwa karne nyingi. Ajabu kubwa zaidi ni wanawake. Kabla ya Maria wapo wanne: Tamari, Rahabu, Ruthu, na yule anayetajwa kuwa mke wa Uria tu, yaani Batsheba, na hakuna hata mmoja ambaye habari zake ni za kawaida. Somo la kwanza la siku hiyo ni baraka ya Yakobo kwa mwanawe Yuda, anayeahidiwa kwamba fimbo ya enzi haitaondoka kwake. Kisha Injili humkumbusha msikilizaji kwamba Yuda alimzaa Peresi kwa Tamari, mkwewe mjane aliyenyimwa haki ya kuolewa, akajifanya kahaba ili apate mtoto katika ukoo huo, hata Yuda mwenyewe akakiri kwamba mwanamke huyo alikuwa na haki kuliko yeye. Ahadi ya kifalme, kwa maneno mengine, ilipita katika aibu ya familia ambayo koo nyingi zingeificha, na Mathayo ameiandika katika mistari yake ya kwanza kabisa.

Siku zinazofuata huendeleza mtindo huo wa jozi. Tarehe 19 mama yake Samsoni, tasa aliyetembelewa na malaika, husimama karibu na Elizabeti, mama yake Yohane Mbatizaji. Tarehe 20 mfalme Ahazi, anayekataa kuomba ishara kwa kisingizio cha uchaji, husimama mbele ya Maria, anayeuliza swali moja kisha akakubali. Tarehe 22 Hana humpeleka mtoto Samweli hekaluni, na Maria huimba utenzi wake ambao kwa mawazo mengi unafuata ule wa Hana. Anayefuata masomo kila siku hugundua pia kwamba Zakaria, mumewe Elizabeti, aliyefungwa ulimi katika Injili ya tarehe 19 kwa kutosadiki, hubaki bubu hadi tarehe 23 anapomwandikia mwanawe jina kibaoni, na asubuhi ya tarehe 24 husikika akiimba. Ukimya huo wa siku kadhaa hauwezi kuonekana na mtu anayesoma tafakari moja moja kwa kubahatisha.

Katika Afrika Mashariki mahali pa pekee pa kusoma hivyo kwa pamoja ni jumuiya ndogondogo za Kikristo, yaani vikundi vya majirani vinavyokutana nyumbani kwa nyumbani, ambavyo maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa ukanda huu, walivifanya kipaumbele cha kichungaji katika mkutano wao wa Nairobi mwaka 1976. Jumuiya nyingi husoma Injili ya Dominika inayokuja, na njia yao inakaribiana na ile ya kale iitwayo lectio divina, ambayo Guigo wa Pili, mmonaki Mkartusi wa karne ya 12, aliieleza kwa hatua nne: kusoma, kutafakari, kusali, na kumtazama Mungu kwa utulivu wa moyo. Papa Benedikto XVI, katika waraka Verbum Domini wa mwaka 2010, alikumbusha kwamba njia hiyo haijakamilika mpaka izae matendo. Kuongeza somo la kwanza katika mazungumzo ya jumuiya hakugharimu zaidi ya dakika tano, ingawa viongozi hulihofia wakidhani Agano la Kale ni la wasomi.

Noeli yenyewe ina Misa nne zenye masomo tofauti, za mkesha, usiku, alfajiri na mchana, na ile ya mchana haina hori wala wachungaji bali ina utangulizi wa Injili ya Yohane kuhusu Neno aliyekuwako tangu mwanzo. Kesho yake Kanisa humwadhimisha Stefano anayepigwa mawe, na tarehe 28 watoto waliouawa na Herode. Wengi wakiwa bado wanamalizia pilau na wengine wakiwa vijijini kwao Kilimanjaro au Bukoba, masomo yamekwisha kuingia kwenye damu, na tafakari inayoendelea kuzungumzia furaha ya sikukuu siku hizo haijayasoma. Kuanzia tarehe 27 waraka wa kwanza wa Yohane hushika nafasi ya somo la kwanza katika siku za kawaida, ukisisitiza kwamba anayedai kuwa nuruni huku anamchukia ndugu yake yumo gizani. Tarehe 31 hutamka kwamba ni saa ya mwisho, maneno yasiyo na uhusiano na kalenda ya serikali lakini yenye uzito wa pekee yakisikika siku hiyo. Epifania, yaani Tokeo la Bwana, huleta mamajusi, na kupitia kwao mataifa ambayo Isaya aliyaona yakipanda mlimani huanza kufika kweli.

Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana hufunga kipindi, na kwa kawaida Jumatatu inayofuata hufungua siku za kawaida za mwaka kwa Injili ya Marko, ambamo Yesu huwaita wavuvi wa Galilaya. Katika miaka ambayo tarakimu yake ya mwisho ni shufwa, somo la kwanza la Jumatatu hiyo ni mwanzo wa kitabu cha kwanza cha Samweli, na mtu anayekutwa hapo ni Hana, akilia kwa kukosa mtoto na mumewe akimuuliza kwa nini hali chakula. Msikilizaji aliyekuwapo tarehe 22 Desemba amekwisha kumwona akiwa amembeba Samweli kuelekea hekaluni kule Shilo.