Mbwa Mlinzi wa Kondoo katika Milima ya Ureno

Katikati ya nchi ya Ureno kuna safu ya milima iitwayo Serra da Estrela, ambayo kilele chake hufikia mita 1,993. Kwa karne nyingi wachungaji wa huko wamefuga mbwa mkubwa aitwaye Cão da Serra da Estrela. Dume aliyekomaa huweza kufikia kimo cha sentimita 70 begani na uzito wa kilo 50. Kazi yake si kuswaga kondoo, bali kuwalinda dhidi ya mbwa mwitu wa Ulaya.

Je, mnyama alaye nyama huwezaje kukaa na kondoo bila ya kuwadhuru? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni urithi: vizazi kwa vizazi, wachungaji waliwazalisha mbwa watulivu, wasio na hamu ya kufukuza mifugo. Ya pili ni malezi. Mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi, takriban kati ya wiki ya 3 na ya 14, ambapo hujifunza kwa wepesi ni viumbe gani walio jamaa zake. Akiwekwa zizini wakati huo, atawahesabu kondoo kuwa ni wenziwe. Akilelewa nyumbani kwa kuchezewa, atawafuata watu na kuliacha kundi. Samaki mkunje angali mbichi.

Wala si lazima apigane. Mara nyingi hutosha abweke na kusimama kati ya kundi na adui, na uwindaji hukatizwa.

Katika matunzo yake yafaa kuzingatia mambo mawili. Kwanza, asinenepeshwe angali akikua, kwani uzito uliozidi huweza kuharibu viungo vya nyonga. Pili, asipewe maini wala mapafu mabichi ya kondoo. Humo huweza kuwamo vifuko vya tegu mdogo ambaye hukomaa katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakawaambukiza kondoo na binadamu. Ugonjwa huu wajulikana sana pia Turkana, nchini Kenya. Kwa hiyo mbwa hupewa dawa ya minyoo kwa vipindi maalumu.

Mwaka 1988 Ureno ilipitisha sheria ya kumhifadhi mbwa mwitu. Tangu mwaka 1996 shirika la Grupo Lobo limekuwa likiwapa wafugaji watoto wa mbwa walinzi wa Kireno. Mfugaji ambaye kondoo wake wako salama hana haja ya kutega sumu. Hivyo mbwa aliyefugwa ili ampinge mbwa mwitu, leo humsaidia mbwa mwitu huyo kuendelea kuishi.