Kifupisho "k.v." na Kazi Yake katika Sentensi

Katika maandishi ya Kiswahili, vifupisho n.k. (na kadhalika) na k.m. (kwa mfano) vimezoeleka mno. Kifupisho k.v., yaani "kama vile", hakikupata bahati hiyo. Maskani yake hasa ni kamusi. Atakayefungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, atakikuta ndani ya fasili nyingi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba k.v. si njia ya kuokoa wino tu, bali kina mipaka yake ya sarufi na ya maana.

Kwanza, tutazame upatanisho wa kisarufi:

(1) Vyombo k.v. sufuria na sahani vimeoshwa.
(2) *Vyombo k.v. sufuria na sahani zimeoshwa.

Kiima cha sentensi hizi ni vyombo. Majina yanayofuata k.v. ni mifano tu, wala hayana mamlaka juu ya kitenzi. Ndiyo maana sentensi ya (2) haikubaliki. Kwa sababu hiyo hiyo, k.v. hutaka kutanguliwa na jina la jumla na kufuatwa na majina ya vitu vilivyomo katika jumla hiyo. Hakianzi sentensi, kazi hiyo ni ya k.m.

Pili, maneno "kama vile" yana matumizi zaidi ya moja:

(3) Hupenda matunda kama vile maembe na mapera.
(4) Alinipita kama vile hanijui.

Katika (3) tunatoa mifano. Katika (4) tunafananisha. Kifupisho chaweza kushika nafasi katika (3) peke yake. Msomaji akikuta *Alinipita k.v. hanijui, hana budi kusita. Basi eneo la kifupisho ni finyu kuliko la maneno yaliyokizaa.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, k.v. huiacha orodha wazi. Tulinganishe kanuni mbili za kazi:

(5) Mfanyakazi atapewa ruhusa akifiwa na jamaa wa karibu k.v. mzazi au mtoto.
(6) Mfanyakazi atapewa ruhusa akifiwa na jamaa wa karibu, yaani mzazi au mtoto.

Kwa kanuni ya (5), aliyefiwa na mume au mke ana haki ya kudai ruhusa, kwani waliotajwa ni mfano wa jamaa wa karibu. Kwa kanuni ya (6), mlango umefungwa. Mwandishi wa kanuni akivichanganya viungo hivi viwili, atakayeumia ni mfiwa. Tena, kwa kuwa orodha imekwisha kuachwa wazi, kuongeza n.k. mwishoni mwake ni kusema jambo moja mara mbili.

Mwisho, nukta zisidharauliwe. Katika kamusi, kv bila nukta huwakilisha kivumishi. Nukta mbili ndizo zinazotenganisha aina ya neno na utoaji wa mifano. Na msomaji anaposoma kwa sauti, asitaje herufi, bali atamke maneno kamili: "kama vile".

Kwa ufupi, mwalimu anayewafundisha wanafunzi kirefu cha k.v. bila kuwaonyesha ndani ya sentensi amewapa nusu ya somo.