Mikutano ya Simu Isiwe Mzigo wa Mfanyakazi

Sisi wa nchi hii ni watu wa mikutano. Tangu baraza la mtaa hadi kikao cha idara, tumezoea kwamba jambo haliwi jambo mpaka watu wakae, akidi itimie, mwenyekiti afungue na katibu aandike. Basi zilipokuja programu za kukutanisha watu mtandaoni, Zoom na Teams na nyinginezo, pamoja na makundi ya WhatsApp ambayo ni nadra leo kuyakosa ofisini, tulizipokea kwa mikono miwili. Lililo haki yetu kuuliza ni kama tulizipokea pamoja na zile taratibu zinazoufanya mkutano uwe mkutano, ama taratibu tuliziacha mlangoni pamoja na viatu.

Kwanza tutoe sifa panapostahili. Zamani ofisa wa Lushoto au Mkinga akiitwa Dodoma kwa kikao cha saa mbili alipoteza siku tatu: ya kwenda, ya kikao na ya kurudi. Gari lilikunywa mafuta, posho ililipwa, na meza yake ilibaki imejaa majalada. Siku hizi aweza kukisikiliza kikao hicho akiwa mezani pake, na adhuhuri akawa anawahudumia wananchi. Mwezi Machi 2020, maradhi ya korona yalipoanza kuenea, Baraza la Mawaziri la SADC, chini ya uenyekiti wa Tanzania, lilikutana kwa njia ya video. Agosti ya mwaka huo wakuu wa nchi nao wakafanya vivyo hivyo. Kampuni ya Zoom ilieleza kuwa Desemba 2019 washiriki wa mikutano yake walifikia kiasi cha milioni 10 kwa siku, na Aprili 2020 wakafikia milioni 300, mtu mmoja akihesabiwa upya kwa kila kikao alichoingia. (Twaomba wale wanaojaza fomu za posho wasiuone mfano huo.)

Yako na mafao mengine, madogo kwa macho lakini si madogo moyoni. Mjumbe anyooshaye mkono kwenye programu huwekwa kwenye foleni kwa zamu yake. Mwenyekiti hawezi tena kujifanya hakumwona yule wa nyuma kabisa, karibu na dirisha. Mwenye haya ya kusema huandika, na maandishi yake husomwa na wote. Mwenzetu akifiwa, tanzia humfikia kila mmoja kabla maiti haijatoka hospitali, na rambirambi huchangwa kwa simu kabla ya magharibi. Hapo kundi la kazi huwa undugu hasa, nasi hatumwoni mwenye akili timamu atakayetaka turudi nyuma.

Hayo tumeyasema kwa insafu. Kero nazo zipo. Ile robo saa ya kuulizana "mnanisikia?" tuiache, maana kila mtu anaijua, pia kile kikao kisicholipiwa ambacho Zoom hukikata ikitimia dakika 40, wakati ajenda ya kwanza ndiyo inaanza kuiva. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Jeremy Bailenson, aliandika mwaka 2021 kwamba uchovu wa mikutano hii una sababu zake, mojawapo ikiwa ni mtu kujitazama uso wake mwenyewe kutwa nzima, kama aliyefungiwa kioo mbele ya macho. Uchovu huo twaweza kuustahimili.

Lisilostahimilika ni kuchafuka kwa mamlaka. Tarehe 10 Desemba 2020 kamati ya halmashauri ndogo ya Handforth, mkoani Cheshire huko Uingereza, ilikutana kwa Zoom. Mwenyekiti alimwambia Bibi Jackie Weaver, ofisa aliyekuja kusaidia kuendesha kikao, kwamba hana mamlaka yoyote pale. Bibi Weaver hakubishana naye. Alibonyeza kitufe, mwenyekiti akatoweka. Mjumbe mwingine akafoka kwamba kanuni za mikutano zisomwe na zifahamike, naye akatoweka. Video ya kikao hicho ilipoenea Februari 2021 watu walicheka nchi kwa nchi, na sisi tulicheka. Lakini uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 ulisema kwamba Bibi Weaver hakuwa na mamlaka rasmi ya kuwatoa, ijapokuwa kwa mwenendo wao kitendo chake chaeleweka.

Katika ukumbi, kumtoa mwenyekiti kwahitaji kura, au askari. Katika mashine kwahitaji kidole. Je, katika ofisi zetu kitufe hicho kimo mkononi mwa nani? Pengine kwa kijana wa kompyuta, ambaye hakuchaguliwa na mtu. Pengine kwa mkubwa mwenyewe, ambaye swali likimkera huzima maiki za wote kwa mpigo, kisha hutangaza kwamba muda umekwisha. Tumelishuhudia hilo zaidi ya mara moja.

Kumbukumbu nazo zimo hatarini. Programu iitwayo Slack, iliyotangazwa mwaka 2013, ilitokana na watu waliokuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta ambao ulifungwa mwaka 2012. Chombo walichokuwa wakiandikiana wao kwa wao ndicho kikawa biashara. Jina lake limeundwa kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya daftari la mazungumzo na maarifa yote, daftari ambalo mtu aweza kutafuta humo alitakalo. Shabaha njema hiyo. Lakini tangu Septemba 2022 kundi lisilolipa laonyeshwa mazungumzo ya siku 90 tu. Na WhatsApp, ambayo ndiyo ofisi yetu hasa, humruhusu mwandishi kuufuta ujumbe wake usionekane tena na yeyote. Tangu lini katibu akapewa ruhusa ya kuchana ukurasa wa kumbukumbu za kikao?

Tunamfahamu karani mmoja, mama wa makamo, katika ofisi moja ya mkoa huu tusiyoitaja. Saa 3:40 usiku mkuu wake aliandika kundini kwamba takwimu za robo mwaka ziwe mezani saa 2 asubuhi. Bando la yule mama lilikuwa limekwisha tangu alasiri, na fedha iliyokuwamo mkobani ilikuwa nauli ya kesho. Asubuhi alifika kazini kwa wakati, kama siku zote, akakuta wenzake wote wamekwisha kujibu "Sawa bosi" na "Imepokelewa". Jina lake tu halikuwamo. Akatakiwa ajieleze kwa maandishi. Alipoomba kuliona agizo lenyewe, aliambiwa akasome kundini. Alipopata mtandao wa jirani wa meza akakuta alama tu ya kwamba ujumbe umefutwa, maana mkuu alikuwa ameandika mwingine usiku wa manane wenye saa tofauti. Barua ya kujieleza imo katika jalada lake hadi leo. Agizo lililoizaa barua hiyo halimo popote.

Tuliopitia chuoni kabla ya shule ya serikali twakumbuka kwamba hata mwalimu wa Kurani, ambaye bakora yake haikuwa na mzaha, alianza kwa kuwatuma watoto wamwulizie aliye ghaibu: ni mgonjwa, au ametumwa na mamaye? Na tangu Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na mtandao ukadorora Tanzania na nchi jirani, wakubwa nao walikuwa ghaibu. Hatukusikia kwamba yeyote kati yao alitakiwa kujieleza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, yasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku, na saa za ziada zilipwe kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu. Kutayarisha takwimu saa 4 usiku ni kazi, kalamu ikishikwa ofisini au ikishikwa jikoni. Huko Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2017, kampuni kubwa zinatakiwa na sheria zijadiliane na wafanyakazi wao juu ya haki ya kuzima simu baada ya kazi. Hapa kwetu hata kulitaja jambo hilo huonekana uvivu.

Wako watakaosema, bando ni shilingi ngapi? Tumechunguza, tukaona kwamba wengi wa wasemao hivyo simu zao zalipiwa na ofisi. Kalamu hununuliwa na ofisi, karatasi hununuliwa na ofisi, wino wa muhuri hali kadhalika. Iweje ukumbi wa mkutano ununuliwe na karani? Kama agizo ni la kazi, na litiwe katika jalada kabla mtu hajaadhibiwa kwalo, na usiku pasiandikwe ila dharura ya kweli.

Tena katika ofisi zetu kipo kifungu cha chai ya vikao. Vikao sasa vyafanyika kwenye simu, wajumbe wako majumbani, na birika haliwekwi tena jikoni. Tungependa wahasibu watueleze chai hiyo sasa yanywewa na nani, na ni kitu gani kinachozuia fedha yake isigeuzwe kuwa bando la yule mama.