Vijidudu Vyema vya Tumbo la Mnyama

Siku hizi katika maduka ya dawa za mifugo, na hata minadani, huuzwa vipakiti vya unga ambao wenye kuuza husema una vijidudu hai vya kutengeneza matumbo ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Unga huo huitwa probiotiki. Wako watu wanaoucheka, wakisema kununua vijidudu ni kununua ugonjwa kwa fedha yako mwenyewe. Wako na wengine wanaoamini ya kuwa huponya kila kitu. Wote wamekosa njia, na kwa kuwa fedha ya mfugaji haiokotwi barabarani, yafaa jambo hili lielezwe tangu mwanzo wake, nao walimu na wazee wasomao wapate kuwaeleza wasiojua kusoma.

Kwanza ifahamike kwamba ng'ombe hawezi kumeng'enya majani makavu kwa nguvu za mwili wake mwenyewe. Tumbo lake lina vyumba vinne, na kile cha kwanza ndicho kikubwa kupita vyote. Kwa ng'ombe mkubwa wa maziwa wa asili ya Ulaya huweza kuchukua zaidi ya lita 100. Humo mna joto, giza na maji, na mna vijidudu visivyoonekana kwa macho ila kwa hadubini. Katika kijiko kimoja cha maji ya tumbo hilo hupita milioni elfu. Hivyo ndivyo vinavyoyala majani kwanza, navyo hutoa uchachu ambao mwili wa ng'ombe huunyonya na kuufanya nguvu yake. Kisha vijidudu wenyewe husukumwa mpaka chumba cha nne, na huko humeng'enywa kama nyama. Basi mnyama ambaye sisi husema anakula majani, kwa kweli sehemu kubwa ya lishe yake ni vijidudu alivyovilisha majani.

Mambo mengi ya zizini hueleweka mtu akishika neno hili. Tuseme ng'ombe amekata kamba usiku akaingia ghalani akala mahindi mpaka akashiba. Asubuhi amesimama kichwa chini, hacheui, anahara, na pengine kesho yake amekufa. Watu husema amelogwa, au mahindi yalikuwa na sumu. Lakini mahindi yalikuwa mema. Vile vijidudu vipendavyo nafaka vilizaana kwa haraka, vikatoa uchachu mkali kupita kiasi, na uchachu huo ukawaua vijidudu wa majani na kuunguza tumbo lenyewe. Kwa sababu hiyo kila chakula kipya, kama ni pumba, mashudu au machicha, hutolewa kidogo kidogo na kuongezwa kwa muda wa wiki mbili hivi, ili vijidudu vinavyokifaa vipate nafasi ya kuongezeka bila fujo.

Kwamba kijidudu kimoja tu chaweza kugeuza hali ya kundi zima, ushahidi wake mzuri ulipatikana Australia. Uko mti uitwao lukaena, ambao wengi wetu huuita lusina. Asili yake ni Meksiko, na majani yake yana lishe nyingi. Lakini yana sumu iitwayo mimosini. Ng'ombe wa Australia waliolishwa majani hayo kwa wingi walinyonyoka manyoya, wakavimba tezi ya shingo na kukonda. Jambo la ajabu ni kwamba katika visiwa vya Hawaii mbuzi na ng'ombe waliyala vivyo hivyo wala wasidhurike. Mtaalamu mmoja wa Australia, Raymond Jones, akaona kwamba tofauti haikuwa katika mti wala katika damu ya mnyama, bali katika tumbo: wanyama wa Hawaii walikuwa na kijidudu cha kuivunja sumu ile. Katika miaka ya 1980 vijidudu vya mbuzi wa Hawaii vilipelekwa Australia, ng'ombe wakatiliwa tumboni, nao wakaweza kula lukaena kwa amani. Tena waliambukizana wema huo wao kwa wao malishoni. Mwaka 1992 kijidudu hicho kilipewa jina la Synergistes jonesii, kwa heshima ya Bwana Jones. Kwa mfugaji wa kwetu aliyepanda lusina, kanuni iliyo salama ni kutopita theluthi moja ya chakula cha siku.

Kuku hawacheui, lakini na kwao habari ni ile ile. Mwaka 1971 ugonjwa wa salmonela uliingia katika kuku wa nyama huko Ufini. Mwaka 1973 wataalamu wawili, Nurmi na Rantala, wakatangaza kwamba kifaranga mchanga akipewa vijidudu vya tumbo la kuku mzima mwenye afya, salmonela hushindwa kukaa ndani yake, maana kila mahali pamekwisha shikwa. Hapa ndipo tuonapo tofauti ya kifaranga wa mashine na yule wa kijijini. Huyu wa pili hudonoa pale adonoapo mama yake, akapata vijidudu vyake siku ile ile. Yule wa mashine hana mama. Tumbo lake ni nyumba tupu isiyo na mlango, na wa kwanza kufika ndiye mwenyeji. Kwa vifaranga wa namna hiyo unga wa probiotiki una sababu ya kununuliwa, nao utolewe tangu siku za kwanza, si baada ya ugonjwa kuingia.

Ndama naye huzaliwa na tumbo tupu. Hupata vijidudu kwa kulambwa na mama yake, kwa chuchu na kwa majani anayojaribu kutafuna. Lakini kabla ya yote hayo apate dang'a. Dang'a si uchafu wa kumwagwa, kama wasemavyo wengine. Ndiyo kinga yake dhidi ya kuhara, na utumbo wake huweza kuipokea kinga hiyo kwa muda wa siku moja tu, tena saa sita za kwanza ndizo bora. Ndama wa kilo 30 anyweshwe lita tatu hivi katika siku hiyo. Hapana unga wowote wa dukani utakaoshika mahali pa dang'a, hata ukiwa wa bei gani.

Sasa tuseme juu ya viuavijasumu. Wengi humtia mnyama dawa hizo kwa kila kuhara, na wengine huzichanganya na chakula cha kuku ili wanenepe upesi. Dawa hizi haziulizi nani mwema na nani mbaya. Huua wote, na wale wachache wanaosalia hujifunza kuishinda dawa, hata siku mtoto wa mwenye nyumba akiugua, dawa ile ile isimfae. Uswidi ilikataza kuzitumia kwa kunenepesha mifugo mwaka 1986, na nchi zote za Umoja wa Ulaya zikafuata mwaka 2006. Mnyama mgonjwa atibiwe, lakini kwa shauri la Bwana Mifugo na kwa kipimo chake.

Kwa ng'ombe mzima mwenye kucheua vizuri, maoni yangu ni kwamba fedha ya unga ingefaa zaidi kununua jiwe la chumvi. Hamira hai humsaidia ng'ombe wa maziwa anayelishwa nafaka nyingi, kwa kuwa hupunguza ukali wa uchachu tumboni, ila faida yake si kubwa kwa ng'ombe wa malishoni. Machicha ya pombe ni chakula kizuri yakiwa mabichi. Yakiota ukungu yatupwe, wala asiyafikirie mtu kuwa yamechacha tu kama mtindi. Uchachu wa mtindi ni kazi ya vijidudu vyema, bali ukungu waweza kuleta sumu iingiayo mpaka katika maziwa. Mwaka 2004 huko Ukambani, katika nchi ya Kenya, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu.

Mwenye kununua probiotiki na atazame mambo haya: jina la kijidudu liwe limeandikwa, tarehe ya mwisho isiwe imepita, na kipakiti kisiwe kimeanikwa juani dirishani. Vilivyomo ni viumbe hai, na joto huviua. Kwa sababu hiyo hiyo unga huo usitiwe katika maji ya moto, wala katika maji yenye dawa ya klorini, wala usitolewe pamoja na viuavijasumu siku moja.