Kulala Ndani ya Gari: Hesabu ya Betri na Hatari ya Sigiri

Mwaka 2024 nyaya za gridi ya taifa zilifika Arua. Kabla ya hapo eneo zima la West Nile lilikuwa kama kisiwa kwa upande wa umeme: lilitegemea jenereta za mafuta na, tangu mwaka 2012, kituo kidogo cha umeme wa maji cha Nyagak, karibu na Paidha, ambacho uwezo wake ni megawati 3.5 tu. Mkazi wa Mvara aliyekulia zama hizo hahitaji kufundishwa kwamba umeme ni kitu cha kuhesabiwa. Hata hivyo, nguzo za umeme hazimfuati askari aendako kazini. Gari la doria likisimama usiku kando ya barabara ya Koboko, au penye kizuizi kuelekea mpaka wa Vurra, au ndani ya makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, taa, redio na simu za wote waliomo hutegemea sanduku moja lililofungwa chini ya boneti.

Katika nchi za Ulaya na Marekani yako magari yaliyojengwa mithili ya nyumba, yenye kitanda na jiko, na kambi maalumu zenye soketi za kuyachomekea umeme. Mwenye gari kama hilo akilala porini pasipo soketi hukabiliwa na maswali yale yale yanayomkabili askari wetu: je, umeme utatosha hadi asubuhi? Na je, mwili utapata wapi joto, au utaliepuka vipi? Tofauti ni kwamba mtu yule yuko likizoni. Askari akikosea hesabu, alfajiri inamkuta gari haliwaki na redio iko kimya, ilhali huenda yowe linapigwa kijijini na msaada unangojwa kwake.

Basi tuanze na betri yenyewe. Betri ya kawaida ya gari dogo ina vyumba sita, na kila chumba hutoa takriban volti 2.1. Ikiwa imejaa na kupumzika kwa saa kadhaa, mita ya volti itasoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2, nusu ya nguvu imekwisha kutumika. Ikisoma 12.0, imebaki kama robo tu. Madereva wengi hudhani kwamba volti 12 ndiyo betri iliyojaa, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa ubavuni mwake. Na kwa dhana hiyo huendelea kusikiliza mpira redioni hadi starta inapogoma.

Yafaa pia ifahamike kwamba betri hii iliundwa kwa ajili ya kuwasha injini. Kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kama mkimbiaji wa mita 100, kisha kujazwa tena mara moja na altaneta. Plati zake za risasi ni nyembamba, nazo hazipendi kubeba mzigo mdogo usiku kucha. Betri ikikaushwa na kuachwa hivyo, plati hufunikwa na ukoko mgumu wa salfeti usioondoka kwa urahisi, na kila ikaushwapo uwezo wake hupungua. Ndiyo sababu betri ya gari la ofisini inaweza kuwa mpya kwa tarehe na kikongwe kwa nguvu.

Hesabu ya usiku hufanyika kabla ya saa 12 jioni, kwa kalamu na karatasi. Chukua betri ya ampea-saa 70, ambayo kwa maneno mepesi ni kwamba inaweza kutoa ampea 1 kwa muda wa saa 70. Nusu yake usiiguse, kwa maana hiyo ni ya kuwashia gari. Zinabaki 35. Kujua kifaa kinakula ampea ngapi, gawa wati zake kwa 12. Taa ndogo ya wati 5 ikiwaka saa nne hula chini kidogo ya ampea-saa 2. Redio ya mawasiliano ikisikiliza tu, kwa nusu ampea, itakula 6 katika saa 12. Ikisema hula mara kumi na zaidi ya hapo, lakini maneno yakiwa mafupi, dakika kumi za usiku mzima huongeza 1 tu. Simu tatu zikijazwa kutoka sifuri zitakula kama 5. Jumla haijafika 15, na usiku umepita kwa amani.

Sasa ongeza runinga ndogo ya wati 40 kwa saa nne: 13 nyingine. Ongeza feni ya wati 15 kwa saa nane, kwa kuwa ni Februari na Arua inawaka: 10 nyingine. Tumevuka 35, wala hakuna mtu aliyefanya jambo la ajabu. Taa kubwa za mbele ndizo mbaya kuliko zote. Mbili zenye wati 55 kila moja hula ampea 9, na saa nane zake huimaliza betri nzima. Taa za kuashiria hatari, zikiachwa ziwake na kuzimika usiku kucha, nazo hukomba karibu hiyo nusu yote tuliyojiruhusu. Gari lililoharibika na kungoja msaada lilindwe kwa pembetatu zinazoakisi mwanga, ambazo hazili umeme kabisa.

Kwenye malori liko kosa moja lililoenea mno. Lori hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa ili zitoe volti 24. Dereva mwenye redio ya volti 12 huvuta waya kutoka betri moja tu kati ya hizo mbili. Redio huimba vizuri, lakini betri ile hukauka na mwenzake hubaki imejaa. Injini ikiwashwa, altaneta huzijaza zote mbili kana kwamba zina njaa sawa. Moja haishibi kamwe, nyingine hushindiliwa hadi maji yake yachemke. Baada ya miezi michache zote mbili zimekufa, na lawama humwangukia muuza betri. Dawa yake ni kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12, nacho kinapatikana katika maduka ya vipuri.

Wengine hudhani kwamba suluhisho ni kuiacha injini ikinguruma usiku kucha. Altaneta kwenye mwendo wa chini hutoa sehemu tu ya nguvu zake, ilhali dizeli huendelea kuteketea kila saa. Iko pia sababu kubwa zaidi ya kukataza desturi hiyo, nasi tutaifikia. Kilicho bora, pale bajeti inaporuhusu, ni betri ya pili ya aina inayostahimili kutumika polepole, ikiwa na swichi inayoitenga na betri ya injini. Hapo taa na redio zikiimaliza ile ya pili, ile ya kwanza haijui lolote.

Joto la mchana nalo ni adui wa betri. Mafundi wana kanuni kwamba joto la kudumu likipanda kwa digrii 10, umri wa betri hupungua kwa karibu nusu. Kanuni hiyo yafaa ikumbukwe Arua katika miezi ya kiangazi, na ikumbukwe zaidi na wale waliopelekwa Somalia, ambako majeshi ya Uganda yaliingia mwaka 2007. Maji ya betri yenye vifuniko hukauka upesi katika joto; yaongezwe maji safi ya betri, si tindikali, wala si maji ya kisima yenye madini. Unga mweupe unaoota kwenye vichwa vya betri huoshwa kwa maji yenye magadi, kisha vichwa hukazwa na kupakwa grisi. Mara nyingi betri inayodaiwa kufa ina kichwa kilicholegea tu.

Gari likiegeshwa chini ya mwembe huwa afadhali kwa betri na kwa watu. Penye paneli ya sola ndipo panapozuka ubishi, maana gari lataka kivuli na paneli yataka jua. Paneli na ikae juani, iunganishwe kwa waya mrefu ulio mnene, kwa sababu waya mwembamba hupoteza nguvu njiani. Hapa kwetu, digrii 3 tu kaskazini ya ikweta, paneli hulazwa karibu bapa. Ifutwe vumbi kila asubuhi. Paneli ya wati 100 katika siku ya jua zuri yaweza kurudisha kama ampea-saa 30, yaani usiku mzima wa hesabu yetu ya kwanza na akiba juu yake. Siku ya mawingu usiitegemee.

Tumesema joto, tuseme sasa baridi. Usiku wa mvua hapa Mvara, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, bati la gari hufyonza joto la mwili upesi kuliko udongo wa ukuta. Tena askari aliye Mvara leo aweza kuwa Kabale au Kisoro mwezi ujao, na huko baridi si mzaha. Betri haiwezi kumsaidia. Kipasha joto cha wati 500 huvuta ampea 42, na ile nusu tuliyojiruhusu huisha kabla saa moja haijatimia. Joto la kulalia ni lile la mwili wenyewe, nao mwili wa mtu aliyelala hutoa joto karibu na la balbu ya wati 80. Kazi ni kulizuia lisitoroke. Tandika maboksi na blanketi chini kabla ya kujifunika juu, kwa sababu baridi kali hutoka chini. Vua nguo zilizolowa. Fungua madirisha mawili ya pande mbili kwa upana wa vidole viwili, ili pumzi isigeuke maji kwenye vioo na kulowesha blanketi, nawe uweke wavu wa mbu penye nafasi hiyo. Chupa ya chuma ya lita moja, ikijazwa maji ya moto, ikafungwa barabara na kuvikwa soksi, humpa mtu joto sawa na umeme wa taa ya wati 5 iliyowaka karibu saa 12.

Maji hayo yachemshiwe nje, na sigiri ibaki nje.

Ndugu zetu Waganda huyaita mawe ya redio amanda, neno lile lile la makaa ya kupikia. Labda jina hilo moja humfanya mtu ayaone makaa kama nguvu nyingine ya kubeba ndani ya gari. Lakini makaa yakiungua mahali penye hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo huzishika chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu hukosa hewa ilhali anapumua. Watu husubiri moshi uishe na makaa yawe mekundu, wakidhani sumu imekwisha; kumbe ndipo inapotoka kwa wingi bila dalili. Makaa yaliyofunikwa na jivu huendelea kuitoa. Dirisha lililofunguliwa vidole viwili halitoshi kuiondoa. Injini inayonguruma, hasa pale ekzosi ilipotoboka au gari liliporudishwa nyuma hadi kwenye nyasi ndefu au ukuta, huingiza gesi hiyo hiyo ndani. Hii ndiyo ile sababu kubwa tuliyoiahidi.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na unyonge wa miguu. Katika eneo kama West Nile, ambako malaria ni mgeni wa kila nyumba, mtu ataamka usiku na dalili hizo, ameze dawa alizobakiza na kulala tena mahali pale pale. Hapo ndipo kifo kinapompata. Yako mambo matatu ya kutofautisha: aghalabu mwili hauna homa, watu wawili au watatu wa gari moja huugua kwa pamoja, na wakitoka nje kwenye hewa safi hupata nafuu kidogo.

Mmoja akilalamika hivyo, milango yote ifunguliwe, injini izimwe, na kila aliyemo atolewe nje, hata yule anayedai kwamba yeye ni mzima. Wahesabiwe kwa majina, maana anayekoroma nyuma chini ya turubai ndiye husahauliwa. Asiyepumua asaidiwe kupumua mara moja. Wote wapelekwe hospitali, hata waliopata nafuu, kwa kuwa gesi huchukua saa nyingi kutoka katika damu. Na daktari aambiwe wazi kwamba walilala na sigiri au na injini inayowaka, la sivyo atawapima malaria kwanza.